Daftari la Mama Povu

Mama Povu alipofariki aliacha duka la dobi lenye meza mbili za kupigia pasi, binti mmoja, na daftari la jalada la kijani ambamo aliandika kila alichokijua kuhusu madoa.

Binti yake alikuwa na miaka arobaini na miwili na mvi za kuhesabika mbele ya kichwa, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Povu Mdogo. Kwa miezi saba hakulifungua daftari lile. Si kwamba alilisahau. Lilikuwa kwenye rafu ya juu, kati ya kopo la wanga na kikapu cha vifungo visivyo na mwenyewe, na kila asubuhi alilitupia jicho kama mtu anayempungia jirani mkono kutoka mbali, kisha akaendelea na kazi zake. Mwandiko wa mtu aliyeondoka una sauti yake, na sauti ile alikuwa hajawa tayari kuisikia.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chembamba. Mbele kulikuwa na mlango wa barabarani, nyuma ua mdogo wenye kamba sita za kuanikia. Siku ya mvua mashuka yalianikwa humohumo ndani, na mvuke wa pasi ulipopanda kukutana nayo, chumba kizima kiligeuka kuwa wingu lililoshuka kupumzika. Wateja walioingia wakipiga kelele walijikuta wananong'ona bila kuambiwa. Povu Mdogo alikulia ndani ya wingu hilo. Utotoni aliamini kuwa mama yake ndiye aliyeyatengeneza mawingu yote yaliyokuwa yanapita angani, na kwamba mengine yalimtoroka tu kupitia dirishani.

Mama Povu aliishia darasa la nne, lakini madoa aliyasoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Kwa miaka kumi na tisa alifua mashati ya mwalimu mmoja wa kemia, mtu mpole aliyependa kusimama mlangoni na kueleza mambo, na kila alilolisikia alilitafuna mpaka likawa lake.

"Damu ni yai," alikuwa akimwambia binti yake. "Ukilitia yai kwenye maji ya moto linafanya nini? Linaganda. Basi na damu ni hivyohivyo. Ukiiosha kwa maji ya moto umeipika ndani ya kitambaa, na hapo haitoki mpaka kiama. Maji baridi, mwanangu. Baridi kabisa."

Au akasema, "Sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Mkia unalishika doa, kichwa kinavutwa na maji, safari imeanza." Na kila alipomkuta binti anaimwaga siki karibu na ndoo ya dawa ya kung'arishia nguo, alipiga kofi mezani. "Hivyo viwili vikikutana vinatoa hewa ya kuua watu! Unataka tukutwe tumelala hapa kama soksi?"

Uzee ulipomfika alinunua kalamu ya bluu, ile yenye kipande kigumu cha plastiki mkiani cha kufutia, akaanza kuandika. Aliichagua kalamu hiyo kwa sababu alionea aibu tahajia yake. Aliandika, akafuta, akaandika tena, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, na ukurasa ulipokamilika haukuwa na neno hata moja lililokatwa. Ulikuwa msafi kama shati la Jumatatu.

Basi Jumanne moja, mvua ikinyesha tangu alfajiri, nyumba ya wageni ya mtaa wa pili ilileta vitambaa kumi na viwili vya meza. Vilikuwa vya kitani cheupe, vimetariziwa majani mekundu pembeni, na vilikuwa vimekaa miaka ndani ya sanduku la chuma. Kila kimoja kilikuwa na madoa ya kutu, mekundu-kahawia, kama alama za miguu ya mnyama mdogo aliyepita usiku. Povu Mdogo alijua kutu hutolewa kwa limau na chumvi juani. Lakini mama yake alikuwa na namna yake ya kuzilinda nyuzi za rangi zisichujuke, na namna hiyo hakuikumbuka.

Alivuta kigoda, akapanda, akanyoosha mkono kwenye rafu. Vidole vyake viligusa maji.

Bati lilikuwa limepata tundu. Tone kwa tone, tangu alfajiri, mvua ilikuwa ikiangukia daftari. Lilikuwa limevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

Povu Mdogo hakupiga yowe. Alilishusha kwa mikono miwili, akaliweka juu ya taulo, akafanya kile alichokijua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Alizitenganisha kurasa mojamoja kwa ukingo wa kijiko. Kila ukurasa aliufunika kwa kitambaa chepesi cha pamba juu na chini, akaipasha pasi kiasi, akaupitishia taratibu bila kukandamiza, kama anavyopiga pasi hariri. Mvuke mwembamba ulipanda. Karatasi zilinyooka, zikakauka, zikalia chakachaka kwa furaha. Alifanya kazi hiyo kwa saa nzima huku akiimba kwa pua, na hakuthubutu kusoma. Alisema moyoni, nikimaliza zote ndipo nitaanza na wa kwanza, nitakaa kitako, nitamsikiliza mama.

Alipomaliza alikaa kitako, akafungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mweupe.

Akafungua wa pili. Mweupe. Wa kumi, wa thelathini. Mistari ya kiwandani ilikuwepo, michirizi ya unyevu ilikuwepo, ila maneno ya mama yake hayakuwepo. Aliligeuza daftari, akalitikisa kidogo, kana kwamba herufi zingedondoka mapajani mwake. Akakinyanyua kile kitambaa cha pamba akitafuta walau alama ya wino. Kitambaa nacho kilikuwa cheupe pe!

Alishuka sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa meza, mashuka yakining'inia juu yake pande zote, na akaukumbuka mwaka wa mwisho wa mama yake, mwaka ambao kwa miezi saba alikuwa amejizuia kuukumbuka.

Mwaka ule Mama Povu aliunguza koti la mteja. Aliloweka sweta la sufi kwenye maji ya moto, likatoka linamtosha mwanasesere. Aliwapa watu nguo zisizo zao. Na binti, aliyechoka kuomba radhi kila siku, siku moja alimwondoa kwenye meza mbele ya wateja. "Mama, basi! Kaa tu. Kaa hapo, usiguse kitu." Mama Povu alikaa. Tangu siku ile alikaa kwenye kiti cha dirishani na daftari lake, akiandika, akifuta, akiandika, mpaka mchana mmoja alipolala kitandani na hakuamka tena. Binti aliudhika sana kabla ya kifo kile, kisha baada yake akajuta, na hakuwa amepata nafasi katikati ya kuuliza chochote.

"Hodi humu! Kuna mtu, au nguo zinajifua zenyewe?"

Alikuwa ni Fundi Baridi, mtengeneza mafriji wa jirani, amekuja kuchukua ovaroli zake mbili. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye tumbo la kiungwana na masikio makubwa, na mizaha yake ilitangulia kuingia kila alikokwenda. Alipomwona Povu Mdogo sakafuni, mzaha uliofuata aliumeza.

"Dada, vipi tena?"

Alimweleza. Maneno yalitoka yamekatikakatika, lakini yalitoka. Fundi Baridi alichuchumaa, akalichukua daftari, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaliinamisha huku na huku.

"Alama ya ncha ipo," alisema. "Kalamu ilipita hapa. Ilikuwa kalamu gani?"

"Ile ya kufutika. Ya bluu."

"Yenye plastiki mkiani?"

"Hiyohiyo."

Fundi Baridi alianza kutabasamu polepole, kwanza kwa sikio moja, halafu la pili. "Basi futa machozi. Wino huo haufutiki."

"Fundi, usinitanie leo. Nakuomba."

"Sikutanii. Mimi mwenyewe nilishaandika kazi za wiki nzima kwa kalamu ya namna hiyo, nikaacha karatasi juu ya dashibodi ya gari, jua likaipiga. Nikarudi, nyeupe. Nikaichukua kwa hasira nikaitupa ndani ya friza niliyokuwa naijaribu, nikijisemea haina kazi, iwe ya kufutia ukungu. Jioni nikaikuta imeandikwa upya. Nilidhani nimerogwa, haki ya nani. Ikabidi nikaulize waliosoma."

Alikaa kwenye kigoda, akaeleza kwa vidole vitatu. Ndani ya wino ule, alisema, kuna vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kidonge wanaishi watatu. Wa kwanza ni rangi, lakini rangi isiyo na nguvu peke yake. Wa pili ni mwenzake: wakishikana mikono, ndipo bluu inaonekana. Wa tatu ni mafuta magumu yaliyolala kimya. Joto likifika kiasi cha nyuzi sitini hivi, yule wa tatu anayeyuka, anajipenyeza katikati ya wale wawili, mikono inaachana, bluu inatoweka.

"Na ile plastiki ya mkiani?" aliuliza Povu Mdogo.

"Haisugui wino hata kidogo. Ukiisugua karatasini inaleta joto. Ni kijipasi kidogo, dada, si kingine. Mama yako alikuwa anapiga pasi maneno."

Povu Mdogo aliigeukia pasi yake mezani. "Na baridi?"

"Baridi kali, ya chini kabisa ya sifuri, yule wa tatu anaganda, anarudi kulala kwake. Wale wawili wanaonana tena. Twende."

Karakana ya Fundi Baridi ilikuwa mlango wa tatu. Ilijaa mafriji yaliyosimama wima kwenye kiza chepesi, milango wazi, kama watu wazima waliopitiwa na usingizi wakiwa wameachama. Katikati palikuwa na friza kubwa la kulala, la mwenye duka la barafu, ambalo lilikuwa limepona juzi tu na lilikuwa likiguna kwa afya. Walilifunga daftari ndani ya mfuko wa plastiki lisishike unyevu. Fundi aliinua kifuniko. Hewa nyeupe ilimwagika kwenye ukingo, ikashuka sakafuni, ikawazunguka miguuni. Povu Mdogo aliliweka daftari chini kabisa, polepole, kama anayemlaza mtoto.

"Lipe mpaka alasiri," alisema Fundi Baridi. "Nenda kafanye kazi."

Hakwenda. Alikaa juu ya kreti tupu mbele ya friza akasikiliza linavyoguna. Nje mvua ilikatika, mwanga ukaingia wa rangi ya asali. Fundi alikuwa akifungua skrubu na kupiga mluzi. Kuna wakati Povu Mdogo alihisi kama yuko nje ya chumba cha hospitali na ndani kuna mtu wake anayeweza kutoka kwa miguu yake. Kuna wakati hakuhisi chochote, alikuwa anaelea tu.

Alasiri ilipofika, Fundi alifunua, akalitoa daftari, akamkabidhi bila kulifungua. "La kwako. Mimi nakwenda kunywa chai." Akatoka. Masikio yake makubwa yalikuwa mekundu.

Jalada lilichoma vidole kwa baridi. Alifungua ukurasa wa kwanza, na bluu ilikuwepo. Ilikuwa hafifu kidogo, kama mishipa chini ya ngozi, lakini ilikuwepo: *Damu. Maji baridi. Usithubutu moto.* Herufi za mama yake, zile kubwa za mviringo, zilizoinama mbele kana kwamba zinapanda kilima. Povu Mdogo aliziba mdomo kwa kiganja.

Kisha akaona kwamba ukurasa haukuwa msafi kama alivyoukumbuka.

Chini ya maneno kulikuwa na maneno mengine. Pembeni mwake, katikati ya mistari, yamelaliana: bluu juu ya bluu. Kila kitu ambacho Mama Povu aliwahi kukifuta kilikuwa kimerudi pamoja na alichokiacha. Mengi yalikuwa makosa ya tahajia tu: *lowewka*, *siiki*. Aliyapita akicheka na kulia kwa pamoja. Lakini kwenye ukurasa wa madoa ya nyasi, chini ya neno *spiriti*, alisoma: *Leo nimepotea kurudi nyumbani. Nimezunguka soko mara tatu. Nimesema nilikuwa nazungumza na rafiki.*

Kwenye ukurasa wa wanga: *Koti nililiunguza mimi. Binti alisema ni yeye. Mteja alimtukana mbele yangu na mimi nikanyamaza.*

Kwenye ukurasa wa mafuta ya kupikia: *Amenifokea. Ana haki. Naandika haya yote upesi kabla hayajaniishia kichwani.*

Na mbele, karibu na mwisho, palipoandikwa namna ya kukausha sufi, kulikuwa na mstari mmoja uliofutwa kwa nguvu mpaka karatasi ikakunjamana: *Asubuhi jina la mwanangu limenitoka. Lakini nilimjua kuwa ni wangu.*

Alikaa juu ya kreti mpaka baridi ikaisha yote kwenye daftari na vidole vyake. Maneno hayakuondoka. Yalikuwa yamerejea na yametulia.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mama yake mdogo, aliyeishi juu ya duka la viatu, ghorofa ya pili, ngazi za kupanda kwa kupumzika. Mama mdogo alikuwa mwembamba, mkali wa ulimi, mshonaji wa mapazia. Alisoma daftari kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Hakushtuka.

"Ulijua," alisema Povu Mdogo.

"Nilijua."

"Ukaniacha nimfokee?"

"Aliniapisha, mwanangu. Alisema, 'Binti yangu akijua ataniangalia kama mgonjwa. Nataka aniangalie kama mama yake, hata akiwa amekasirika.'" Mama mdogo alivua miwani moja. "Nilimwambia ni ujinga. Tukagombana wiki mbili. Lakini alikuwa dada yangu mkubwa, ningefanyaje?"

Mama mdogo akageuza ukurasa, akakunja uso. "Na hii je? *Mdogo wangu mchoyo wa sukari, chai yake kama maji ya kuoshea vikombe.* Looo! Na alikuwa anakunywa viwili!"

Kicheko kilimtoka Povu Mdogo bila ruhusa. Kikamtoka na mama mdogo. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na walipoachana nyuso zote mbili zilikuwa zimelowa.

"Yafute," alisema mama mdogo alipopata pumzi. "Mwenyewe aliyafuta. Mtu akificha kitu chake, wewe uliyekikuta kwa bahati si mwenye nacho."

"Na mimi je? Nilikuwa nayahitaji."

"Umeshayapata."

Mchana wote ule walikaa dukani, kwenye meza ya pili, mama mdogo akisoma kwa sauti na Povu Mdogo akinakili kwenye daftari jipya kwa kalamu ya kawaida, ya wino wa kawaida. Walinakili dawa tu: kutu, damu, nyasi, nta, chai. Ile ya kulinda nyuzi za rangi ilikuwemo: paka limau na chumvi juu ya doa pekee kwa ncha ya kijiti, kitambaa kikae kivulini badala ya juani, suuza kila baada ya dakika chache. Vitambaa vya nyumba ya wageni vilitoka vyeupe na majani yake mekundu hayakuchuja hata jani moja.

Walipofika mwisho, Povu Mdogo aliichomeka pasi. Alisubiri ipate joto kidogo, akaipima kwa kidole kilicholowa. Kisha, kwa ncha yake tu, alipita juu ya soko lililozungukwa mara tatu, na bluu ikaondoka mbele ya chuma kama ukungu unaopisha. Alipita juu ya koti. Alipita juu ya kufokewa, na hapo alipita polepole zaidi. Hakuwa anaviharibu. Alijua sasa kuwa vilikuwa mlemle, vimelala, na kwamba mama yake alikuwa amefunikwa tu kama alivyopenda kufunikwa.

Chai ya mama mdogo aliiacha, kwa amri ya mama mdogo mwenyewe, aliyesema anataka ushahidi.

Alipofika kwenye ukurasa wa sufi aliiinua pasi, akaishikilia hewani. Povu Mdogo aliizima pasi, akaisimamisha kwenye kisahani chake. Ule mstari aliuacha ulivyo.

"Sawa," alisema mama mdogo. "Huo ni wenu wawili." Akainuka, akajipangusa magoti, akatazama kamba zilizojaa. "Haya, haya mashuka yatajikunja yenyewe? Nipe ncha hiyo."

Mama mdogo alishika pembe mbili, Povu Mdogo mbili. Walirudi nyuma mpaka shuka likanyooka kati yao, jua la ua likipenya ndani yake. Kisha wakaanza kutembea kukutana. Mama mdogo, mshonaji wa mapazia kwa miaka thelathini, alilikunja upande usio wake, akalisokota, akalaani kwa sauti, na ikabidi warudi nyuma tena, kila mtu na ncha zake, na kuanza upya.